Masurufu na Uanagenzi: Juu ya Malezi ya Waamuzi wa Riadha Vijijini

Alphonce Simbu alipomaliza mbio za marathoni mjini Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025, hapakuwa na jicho la mwanadamu lililoweza kusema kwa yakini kama ni yeye aliyetangulia au ni Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa ubavuni mwake, kwani wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na baina yao palikuwa na sehemu 3 tu katika mia za sekunde moja. Dhahabu ile, ya kwanza kwa Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha, ilithibiti pale mwamuzi alipoisoma picha ya mstari wa mwisho na kutazama mahali kilipofikia kiwiliwili, wala si kichwa, mkono au mguu, kama sheria inavyoamuru. Tulimshangilia mkimbiaji, naye alistahiki. Lakini msomaji wa picha ile hatumjui jina, wala hatukujiuliza alijifunzia wapi kazi yake, na nani alimlipia nauli ya kwenda kujifunza.

Swali hili la nauli nalizingatia nikiwa na Kakesio mbele ya macho. Kata hiyo ya wilaya ya Ngorongoro, iliyo upande wa kusini-magharibi wa hifadhi, juu ya nyanda zinazoteremkia Ziwa Eyasi, imo katika pande za nchi ambazo hazijapata kuwa na uhaba wa miguu. Karatu ndiko alikozaliwa Filbert Bayi, ambaye tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, ikawa rekodi ya dunia. Na Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 wa mwisho kati ya watu 57. Watu husimulia goti lake lililofungwa bendeji, na ni haki yao. Mimi hunivutia zaidi kwamba muda wake, saa 3, dakika 25 na sekunde 27, umehifadhiwa hadi sekunde yake, ilhali mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amekwisha kufika zaidi ya saa nzima kabla yake. Maana yake ni kwamba usiku ulipoingia walikuwapo waamuzi waliokataa kuzima saa zao. Lau wangeondoka, tungebaki na ngano tu.

Uamuzi wa riadha, basi, ni aina ya ushahidi, na shahidi hafunzwi kwa kitabu peke yake. Kitabu kitamwambia mwanagenzi kwamba saa za mkono ziwe tatu, mbili zikiafikiana zishikwe hizo, na zote zikitofautiana ichukuliwe ile ya kati. Kitamwambia pia kwamba upepo wa nyuma ukizidi mita 2 kwa sekunde, muda wa mita 100 hauwi rekodi. Lakini mweke mwanagenzi huyo penye mstari wa mwisho, mwanzishaji akiwa umbali wa mita 100, utamwona akingoja mlio wa bastola badala ya moshi wake, na kwa kuwa sauti huchukua karibu sehemu 3 katika kumi za sekunde kuuvuka umbali huo, kila mtoto wa siku hiyo atapewa kasi asiyokuwa nayo. Kosa hilo huliondoa mtu mmoja tu: yule mkongwe asimamaye begani mwake na kumnong'oneza, mara ya kwanza, ya pili, na ya kumi, atazame moshi. Hivyo ndivyo manahodha wa pwani yetu walivyowalea mabaharia, chomboni, katika upepo wenyewe.

Shirikisho la riadha la dunia, lililoasisiwa mwaka 1912 na kuitwa World Athletics tangu 2019, lina madaraja ya kuwafunza na kuwatahini waamuzi, na fedha za Olympic Solidarity, mfuko wa misaada wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, husaidia kozi katika nchi nyingi. Lakini ngazi hiyo hutiwa kidato chake cha kwanza mjini. Mwalimu wa Kakesio anayesimamia UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, kwa filimbi na saa ya simu, akitaka kushuhudia mashindano yenye waamuzi kamili, hana budi kupita Endulen, apande nyanda za juu, atoke kwenye lango la Loduare, ashuke Karatu, ndipo atafute basi la Arusha. Na wakati wa masika njia hiyo haina ahadi. Mashindano ya siku moja humla siku nne. Kwa hiyo masurufu yanayolipa tikiti ya basi tu, yakasahau malazi, chakula na siku alizoliacha darasa lake, humfadhili yule aliyekwisha kuwa na uwezo, yaani mtu wa mjini.

Najua nitaambiwa kwamba fedha za riadha ni haba na wanariadha wenyewe hawana viatu. Hoja hiyo siidharau. Hata hivyo, mkimbiaji asiyepimwa sawasawa hana cha kumwonyesha mteuzi wa timu, na viatu vyake vipya havitamtafutia ushahidi. Wenye insafu watazame mbio za Ngorongoro Marathon, zinazoanzia langoni mwa hifadhi na kuishia Karatu: barabara ile huteremka, nayo sheria hairuhusu rekodi ya barabarani pale ambapo mteremko kutoka mwanzo hadi mwisho unazidi mita 1 kwa kila kilomita. Mwamuzi aliyelelewa humweleza kijana mapema kwamba muda wake wa siku ile ni furaha yake na ya mama yake, asijenge juu yake matumaini ya kimataifa.

Pingamizi lililo zito zaidi ni kwamba mwanagenzi akishahitimu atahama. Wengi huhama, na siwalaumu. Hapo ndipo naachana na wanaodhani masurufu ni njia ya kumtoa mtu kijijini tu. Nauli moja impeleke mwalimu kwenye tamasha la michezo la Karatu, lisimamiwalo Desemba na taasisi ya Bayi, akasimame karibu na mlezi mmoja aliyetajwa kwa jina na anayepaswa kutoa ripoti juu yake. Nauli ya pili imlete mlezi huyo Kakesio, aone malisho yaliyofanywa kiwanja, mistari ya majivu, na futi kamba iliyokatika mwanzoni.

Mlezi akifika, jambo la kwanza atakaloulizia ni ukingo wa ndani. Njia ya kwanza yenye ukingo ulioinuka hupimwa sentimita 30 kutoka ukingoni, bali penye mstari tu, kama ilivyo kwa majivu yale, hupimwa sentimita 20. Mwalimu aliyesoma kitabu cha uwanja wa mjini atakuwa ametumia 30, na kwa zile sentimita 10 kila mzunguko umepungua kiasi cha sentimita 63. Katika mita 1,500, watoto wa Kakesio wamekuwa wakikimbia pungufu ya mita mbili na zaidi, pasipo mtu kujua. Mwalimu na mlezi wake watalazimika kuufuta mstari na kuuchora upya, wawili wao, mmoja akishika kigingi cha katikati na mwingine akizunguka na kamba.