Sauti Isiyo na Mwenyewe

Mwaka 2020, shule na vyuo vilipofungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, mjukuu wangu alirudi nyumbani Tabora na simu ambayo hakuiweka chini hata wakati wa kula. Jioni moja akaniletea barazani. "Babu, si wewe ni mtu wa kwaya? Hebu wasikilize hawa."

Nyumba ya opera ya Metropolitan huko New York ilikuwa imefunga milango yake, na tarehe 25 Aprili waimbaji na wapigaji zaidi ya 40 walitumbuiza kupitia intaneti, kila mmoja akiwa kwake, huyu Marekani, yule Ulaya. Tamasha zima lilichukua karibu saa nne. Sisi tulisikiliza vipande, maana bando nalo lina mwisho wake. Namkumbuka Erin Morley, aliyeimba huku akijipigia piano mwenyewe. Nilidhani ni kuringa tu, lakini mjukuu akanieleza kuwa watu wawili walio miji miwili hawawezi kuimba pamoja kwa simu, kwani sauti hufika imechelewa. Ndiyo sababu korasi ya watumwa wa Kiebrania, kutoka Nabucco, opera ya Verdi ya mwaka 1842, kila mtu alirekodi sehemu yake peke yake nyumbani, kisha mafundi wakaziunganisha.

Hapo nikaacha kusikiliza, nikaanza kupiga hesabu, kama ilivyo kawaida yetu walimu. Sauti hewani huchukua sekunde tatu hivi kwenda kilomita moja. Basi msafara wa wapagazi mia kadhaa, wakifuatana mmoja mmoja katika njia nyembamba, mkia ulimsikia kirangozi akiwa ameshapita neno jingine. Nao waliimba! Kirangozi alitangulia na bendera, ngoma ikilia. Yeye akianzisha, walio karibu wakaitikia, na nadhani walio nyuma waliwapokea hao, si yeye. Kuchelewa kulikuwa ndani ya wimbo wenyewe.

Ni vyema nikumbushe kwamba hawa Wanyamwezi wa msafara kwa sehemu kubwa hawakuwa watumwa. Watumwa walipita njia hiyo hiyo, na minyororo yao, na Tabora haina haki ya kulisahau hilo. Lakini mpagazi alikuwa mtu wa ujira, aliyejua bei ya bega lake, na mzigo wake ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kutoka pwani hadi hapa ni yapata kilomita 800. Burton aliondoka pwani Juni 1857, akafika Kaze, ndiyo Tabora hii, tarehe 7 Novemba. Mtu hawezi kubeba frasila mbili kwa miezi minne akiwa kimya.

Babu yangu mzaa baba alibeba akiwa kijana, kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Uzeeni aliimba akichonga mipini, na sisi watoto tuliitikia bila kujua tunaitikia nini.

Nyimbo za namna hiyo zilishasafiri bila wenyewe zamani sana. Mwaka 1909 Erich von Hornbostel, mkuu wa hazina ya sauti ya Berlin, alichapisha katika jarida la Anthropos uchunguzi mrefu juu ya nyimbo za Wanyamwezi. Hakukanyaga Unyamwezi; alizisikia kwenye mitungi ya nta, ambayo kila mmoja uliweza kushika dakika mbili au tatu tu, akaziandika kwa nota. Baada ya Vita vya Pili sehemu kubwa ya mitungi ya hazina ile ilichukuliwa na Warusi hadi Leningrad, na ilirudi nyumbani kwake mwaka 1991. Nta hulainika kwa joto, lakini ilivuka vita viwili.

Mimi sina cha kujivunia. Katika miaka ya 1980, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja aliniomba betri za redio kaseti ili akamrekodi mzee wa kijijini kwao aliyejua nyimbo za safari. Betri zilikuwa adimu, na nilikuwa nimezihifadhi kwa ajili ya kwaya yetu iliyojiandaa kwa mashindano. Nikamwambia nyimbo za mizigo si somo. Kwaya yetu iliimba vizuri sana kwa do-re-mi, ikashika nafasi ya pili. Yule mzee alifariki kabla ya likizo.

Nilimsimulia mjukuu haya yote barazani pale. Akanyamaza kidogo, kisha akaiegemeza simu kwenye kikombe cha chai. "Imba ya babu yako."

Ninazo beti mbili tu, na ya pili ina maneno yasiyo na maana kwangu. Niliimba. Nilipofika pa kuitikiwa nikasimama, kwa mazoea, nikasubiri. Hakujua kiitikio. "Endelea tu, Babu," akasema, "nitaunganisha baadaye."

"Hapana, mke wangu," nikamwambia. "Zima kwanza, nikufundishe."