Pwani ya Bwana Heri, kabla lami haijafika

Barabara ya lami ya Bagamoyo–Pangani–Tanga inaendelea kujengwa, pamoja na daraja la zaidi ya mita 500 litakalochukua nafasi ya kivuko cha Pangani na Bweni. Ikikamilika, magari ya watalii yenye kitanda na jiko ndani hayatalazimika tena kuzungukia Chalinze na Segera. Kwa sasa mengi yanapita Mkata bila dereva kujua kuwa yuko katika nchi ya Wazigua, wala kuwa pwani anayoikimbilia ilipiganiwa na watu wa huku.

Vituo vinavyojulikana havihitaji maneno mengi: Kaole, Bagamoyo ya misafara, Saadani ambako tembo hufika hadi ufukweni, na Tongoni, ambako karibu yake meli ya Vasco da Gama ilikwama mwaka 1498.

Ila mtu akifika Pangani, azime gari. Mwaka 1888 Sultani Khalifa alikuwa ameikabidhi kampuni ya Wajerumani utawala wa pwani. Agosti, wakala wake Emil von Zelewski alimtaka liwali Abdulgawi apandishe bendera ya kampuni. Liwali akakataa: bendera ni ya Sultani, na amri haijatoka Unguja. Zelewski akaita askari wa manowari Carola. Mwanahistoria Jonathon Glassman, aliyeandika kitabu kizima juu ya ghasia hizi, anaeleza jinsi msako wa liwali ulivyoingia hadi msikitini, siku za Idi ya Kuchinja, Mjerumani akiwa na mbwa wake. Liwali alikwishatoroka. Mlingoti wa Sultani ukakatwa.

Manowari ilipoondoka, mji ukainuka. Wenye silaha wakamiminika kutoka bara, na Zelewski na wenzake wakazingirwa nyumbani mwao mpaka Lloyd Mathews, kamanda wa jeshi la Sultani, alipokuja kuwaokoa. Wajerumani waliuita mwamko huo uasi wa Waarabu wafanyabiashara ya watumwa. Glassman anapinga, nami nakubaliana naye: walioinuka walikuwa majumbe, vijana wa mji, wapagazi na watu wa bara. Hemed bin Abdallah el-Buhriy aliitungia vita hiyo utenzi mzima, na bado tunaisoma kwa jina walilotupa wageni.

Abushiri bin Salim, kiongozi wa vita hiyo, alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na wengi hudhani mambo yaliishia hapo. Bwana Heri bin Juma, Mzigua, mtawala wa Saadani, alikuwa bado anapigana. Mji wake ulipigwa mizinga kutoka baharini Juni 1889. Akarudi nyuma, akajenga ngome ya magogo Mlembule. Wajerumani wakashindwa kuiteka mara ya kwanza, wakarudi na nguvu zaidi Januari 1890. Aliweka silaha chini Aprili, watu wake wakiwa wamechoshwa na njaa.

Baadaye ukaja mkonge, ikaja reli, Uhuru ukapatikana, na barabara kuu ikapita Mkata, mbali na bahari. Nyumba za kale za Pangani zikaachwa zibomoke, dari kwa dari.

Makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Handeni sasa yapo Mkata. Kibao kimoja kwenye njia panda ya Handeni, chenye jina la Bwana Heri na mwaka 1890, hakihitaji kusubiri daraja likamilike.