Safari ya Puto Wakati wa Mapambazuko

Ukidamka mapema huko Kathonzweni wakati wa kiangazi, kabla jua halijachomoza, simama uani uutazame moshi wa jikoni. Utauona ukipanda wima kama uzi ulionyoshwa, kwa maana hewa ya saa hiyo imetulia. Kisha utazame tena saa saba mchana. Ardhi imekwisha kupata moto, hewa inapanda kwa fujo, na kisulisuli kinapita mashambani kikichukua vumbi na majani makavu. Msomaji, ukiyafahamu mambo mawili haya umekwisha kuingia katika historia ninayotaka kukusimulia. Nayo ni historia ya puto la hewa ya moto, ambalo wengi huliita baluni.

Huko Ufaransa walikuwako ndugu wawili, Joseph na Étienne Montgolfier, wa jamaa ya watengenezaji karatasi. Wao nao waliutazama moshi, wakadhani kwamba ndani yake mna kitu cha pekee kinachoinua vitu. Dhana hiyo haikuwa sahihi. Kinachoinua ni hewa yenyewe, kwani ikipata moto hutanuka, ikawa nyepesi kuliko hewa baridi iliyoizunguka. Hata hivyo kazi yao ilifaulu. Mwezi wa Septemba 1783, mbele ya mfalme, puto lao lilipaa likiwa limechukua kondoo, bata na jogoo. Tarehe 21 Novemba mwaka ule ule, wanadamu wawili walipaa juu ya mji wa Paris kwa muda wa dakika 25 hivi. Walichochea moto kwa mabua makavu, na huku wakizima kwa sponji yenye maji cheche zilizoanza kuunguza kitambaa.

Habari za maputo zilifika Afrika ya Mashariki kwanza kwa njia ya hadithi. Mwaka 1863 mwandishi Mfaransa, Jules Verne, alitoa kitabu juu ya wasafiri watatu wanaoruka kwa puto kutoka Unguja mpaka Senegal. Verne hakuwa amezikanyaga nchi hizo. Alisoma habari za wapelelezi, na mengine akayabuni. Kwa hiyo kitabuni mwake watu wa Kazeh, yaani Tabora, wanaliona puto wakadhani ni mwezi umewashukia. Lakini Tabora ya siku zile ilikuwa mji mkubwa wa biashara, na wenyeji wake walizoea kusafiri mpaka pwani na kurudi. Hata Ukambani, miaka kadhaa kabla ya kitabu hicho, Kivoi wa Kitui alikuwa akiongoza misafara ya pembe za ndovu mpaka Mombasa. Mmisionari Krapf alipouona Mlima Kenya mwaka 1849, aliuona kutoka Kitui, akiwa mgeni wa Kivoi huyo. Basi nchi ambayo Verne aliichora kutoka angani kwa mawazo tu, wenyewe waliijua kwa nyayo zao.

Miaka mia moja hivi ikapita. Mwaka 1962 Mwingereza Anthony Smith aliondoka Unguja kwa puto la kweli lililoitwa Jambo, akavuka bahari mpaka Tanganyika, iliyokuwa imepata uhuru Desemba 1961. Puto lake halikutumia moto, bali gesi ya haidrojeni. Akitaka kupanda, alimwaga mchanga, na akitaka kushuka, alifungua gesi itoke. Lilikuwa jambo la gharama na la hatari, kwa kuwa mchanga uliomwagwa na gesi iliyotoka havirudi, na haidrojeni ikiguswa na cheche hulipuka.

Katika safari zake alikuwamo mpiga picha za wanyama wa Kenya, Alan Root. Wakati huo Mmarekani Ed Yost alikuwa amekwisha kulirudisha puto la moto katika heshima yake. Mwaka 1960 aliruka kwa puto lililopashwa moto kwa gesi ya propeni, ambayo hutumika pia katika majiko ya nyumbani. Sasa rubani aliweza kuongeza moto na kuupunguza apendavyo. Root akapata puto la namna hiyo, na mwaka 1974 yeye na mkewe Joan wakapita nalo juu ya Kilimanjaro. Mwaka 1976 akaanza kuwapandisha watalii huko Keekorok, Maasai Mara.

Tuseme, msomaji, nawe umo katika safari hiyo. Mmeamshwa usiku wa manane. Puto limelala chini kama hema lililoanguka; moto unavuma ndani yake, nalo linainuka polepole. Mnaingia katika kapu kubwa lililosukwa. Mara nchi inaondoka chini yenu bila kishindo, na jua linachomoza. Husikii upepo usoni, kwa sababu mnakwenda pamoja nao. Rubani hana usukani. Hupanda au kushuka akitafuta upepo unaokwenda atakako. Baada ya saa moja hivi lazima ashuke, kwa maana jua likipanda, hewa ile ya kisulisuli huamka.

Nauli yake ni kubwa. Katika shule nyingi za bweni za serikali inapita karo ya muhula mzima, na wengi wa abiria ni wageni. Hilo ni jambo la kusikitisha, lakini lisikufanye udhani kwamba elimu ya puto ni ya wageni. Imo katika moshi wa jikoni kwenu. Nakusihi uitazame nchi yako kwa makini ungali chini: ujue mto wa mchanga unatoka wapi, na mvua ikinyesha udongo wa shamba unakwenda wapi. Verne alitazama kutoka juu bila kujua yaliyo chini, akawadhania watu wa Tabora kuwa wajinga. Wewe ukijaliwa kupanda siku moja, uwe mtu wa kuweza kumwambia rubani majina ya vilima vinavyopita chini yenu.