Temaki: sushi ya mkono au ya mkononi?

Anayetafsiri menyu ya mgahawa wa Kijapani hapati taabu na sushi wala wasabi. Maneno hayo yalishaingia mjini yakiwa mazima. Kalamu husita ikifika kwenye temaki. Anayeipokea kupitia Kiingereza huandika "roli ya mkono", na msomaji wa Dar es Salaam, ambaye roli kwake ni gari la kubebea mchanga, hubaki akijiuliza litapitaje mlangoni.

Turudi kwenye Kijapani. Te ni mkono, maki ni kitu kilichoviringishwa. Jina kamili ni temakizushi, ambamo sushi hugeuka zushi kwa kanuni ya matamshi ya lugha hiyo. Mkono umetajwa ili kutofautisha: sushi nyingine za kuviringishwa hukunjwa kwa makisu, kimkeka cha vijiti vya mianzi, kisha hukatwa vipande kwa kisu. Temaki haihitaji mkeka wala kisu. Huko Japani ni chakula cha nyumbani hasa. Wali uliotiwa siki, sukari na chumvi hukaa katikati ya meza, samaki na matango pembeni, na kila mtu hujiviringishia chake, mara nyingi kwa umbo la koni, kama karatasi ya karanga za barabarani.

Migahawa ya temaki ya kukaa kaunta ni habari nyingine. KazuNori, uliofunguliwa Los Angeles mwaka 2014, ndio uliosifika kwa mtindo huo. Unaketi mbele ya mpishi na kuchagua seti. Mpishi anatandaza wali wa vuguvugu juu ya nori kavu, anapanga jodari au kaa, anaviringisha mara moja kuwa mche mrefu, anauweka mbele yako. Hapo usichezee simu. Nori ikiwa kavu hulia kwa meno kama kaukau. Ikishakunywa unyevu wa wali inakuwa kama ngozi, unaivuta na samaki wote wanakufuata. Ndiyo maana temaki haziletwi zote kwa pamoja: moja ikiisha, inakuja nyingine.

Sasa tuiiteje? Msokoto ni neno zuri kwa umbo, lakini limeshatekwa na taarifa za polisi: msokoto ni wa bangi, na mtu akiagiza misokoto mitano mezani majirani watageuka. Gombo linanukia maktaba. Tonge lingefaa, ila ningeliwekea nigiri, ambayo jina lake linatokana na kitenzi cha kufumbata na ambayo kweli hufinywa kiganjani kama tonge la ugali.

Wapo wanaopendekeza "sushi ya mkono". Kisarufi haina kosa, lakini inaeleza namna ya kutengeneza tu, na hata nigiri ni kazi ya mkono. Ongeza -ni na maana inahama. Hatusemi simu ya mkononi kwa kuwa imeundwa kwa mkono. Tunasema hivyo kwa kuwa mkononi ndipo inapoishi. Temaki ya kaunta nayo inatoka mkono wa mpishi, inapokewa na mkono wa mlaji, na haina muda wa kukaa mahali pengine. "Sushi ya mkononi" inaubeba mwendo huo wote, na mimi nasimama nayo kama maelezo. Kama jina, tuchukue temaki yenyewe. Silabi zake zote zinaishia kwa irabu, haihitaji kunyooshwa, na inaingia ngeli ya I-/ZI- bila kubisha hodi: temaki hii, temaki hizi. Wabrazili wameshafanya hivyo kwa njia yao. São Paulo duka la temaki huitwa temakeria, shina la Kijapani na mkia wa Kireno.

Nori inataka uangalifu zaidi. Ni mwani, hilo halina ubishi. Lakini mwani anaoujua mtu wa Paje ni ule unaofungwa kwenye kamba, uliolimwa kibiashara Zanzibar tangu 1989, ukakaushwa na kusafirishwa ili kukamuliwa utomvu wa kugandishia vyakula. Nori ni jamii nyingine ya mwani, hukatwakatwa na kutandazwa ikauke mithili ya karatasi. Basi "karatasi ya mwani" inatosha mara ya kwanza, baadaye nori peke yake.

Mgahawa wenyewe usiitwe baa, hata kama kwa Kiingereza huitwa hivyo. Ukiandika "baa ya temaki" mteja atauliza nyama choma iko wapi na bia ni za baridi au za moto. Mgahawa wa temaki, basi. Na kwenye menyu: "Temaki ya jodari: sushi ya mkononi, iliwe papo hapo." Mhariri akilalamika kwamba maneno ya mwisho si sehemu ya istilahi, mpelekeeni temaki iliyokaa dakika kumi.