Kutambuliwa kwa Palestina: Kwa nini mashirika ya Wayahudi yanatofautiana?

Katika taarifa zetu za habari mara nyingi mnasikia kwamba mashirika ya Kiyahudi yamelaani nchi fulani kwa kuitambua Palestina. Hapa tunaeleza mashirika hayo ni yapi na yanabishania nini.

Tarehe 21 Septemba 2025, Uingereza, Canada, Australia na Ureno ziliitambua Palestina kuwa taifa huru. Siku iliyofuata Ufaransa ilifanya hivyo mjini New York. Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni: Tanzania iliitambua tangu Novemba 1988, mara baada ya Yasser Arafat kulitangaza taifa hilo mjini Algiers. Jipya ni kwamba safari hii waliotambua ni marafiki wa siku nyingi wa Israel.

Waliopinga

Miongoni mwao ni Board of Deputies, baraza la Wayahudi wa Uingereza lililoanzishwa mwaka 1760, CRIF la Ufaransa, na American Jewish Committee la Marekani. Hoja yao kubwa ni wakati. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas iliua watu wapatao 1,200 nchini Israel na kuteka 251. Septemba 2025 mateka 48, walio hai na waliokufa, walikuwa bado Gaza. Kwa mashirika hayo, kuitambua Palestina kabla mateka hawajarudi ni kuizawadia Hamas. Wanasema pia kuwa mipaka na usalama viamuliwe kwa mazungumzo kati ya pande mbili.

Waliokuwa na maoni mengine

J Street, shirika la Wayahudi wa Marekani, linaitetea Israel lakini linataka taifa la Wapalestina liwe kando yake. Wenye msimamo huu husema bila mataifa mawili Israel haitapata amani, na kwamba Hamas haitaki suluhisho hilo.

Jewish Voice for Peace, pia la Marekani, linapinga Uzayuni wenyewe. Limeandamana mara nyingi dhidi ya vita vya Gaza, ambako wizara ya afya ya huko ilikuwa imehesabu zaidi ya watu 60,000 waliouawa.

Kutambua kunabadili nini?

Nchi inaweza kufungua ubalozi na kusaini mikataba na Palestina. Lakini hakuhamishi mpaka wala kuondoa askari. Uanachama kamili wa Umoja wa Mataifa hupitia Baraza la Usalama, na Aprili 2024 Marekani iliuzuia kwa kura ya turufu.

Wanachohofia

Mashirika haya si serikali ya Israel. Yanasemea raia wa nchi zao, na yanahofia watu wao kulipiziwa kisasi. Tarehe 2 Oktoba 2025, siku takatifu ya Yom Kippur, sinagogi moja mjini Manchester lilishambuliwa na waumini wawili wakapoteza maisha. Muumini wa Manchester hakuamua vita vya Gaza, kama vile mkulima wa Gaza hakuamua shambulio la Oktoba 7.

Kwa hiyo tunapotangaza kauli ya aina hii, tutawatajia ni shirika gani na la nchi gani. Nanyi mkisikia mahali pengine kwamba "Wayahudi wamesema", ulizeni: Wayahudi wapi?