Karagwe Haikuzaliwa Pembezoni

Ukiitazama ramani ya Tanzania, Isingiro utaikuta kwenye kona ya kaskazini-magharibi, katika Wilaya ya Kyerwa. Huko Mto Kagera, ukiisha kuambaa na mpaka wa Rwanda kuelekea kaskazini, unageukia mashariki na kuitenga nchi na Uganda. Pande mbili ni maji, na Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,400 kwa barabara. Si ajabu kwamba Karagwe, ambayo Kyerwa ilimegwa kutoka kwake mwaka 2012, husimuliwa kama kisiwa kisichozungukwa na ziwa. Lakini upweke huo ni wa juzi, na haukuletwa na mto wala milima.

Katikati ya karne ya 19 njia ya misafara iliyotoka Tabora kwenda Buganda ilipita hapa, katika ufalme wa Karagwe. Wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na ikulu ya mfalme huko Bweranyange, na pembe za ndovu zilibadilishwa kwa nguo na shanga. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Omukama (mfalme) Rumanika Novemba 1861, akaondoka kwenda Buganda Januari iliyofuata, huku mwenzake James Grant akibaki nyuma kwa ugonjwa wa mguu. Kilichomshangaza Speke ni ujuzi wa mwenyeji wake: Rumanika aliweza kumweleza habari za nchi jirani na za milima mikubwa ya magharibi. Mfalme aliye pembezoni husubiri habari, huyu alikuwa akizigawa.

Mabadiliko yalianza mwaka 1890. Mwaka huo Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, na mkataba kati ya Uingereza na Ujerumani ukatumia latitudo ya digrii 1 kusini kugawa nchi za magharibi ya Ziwa Victoria. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, na ya Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, mizigo ilihamia kwenye meli. Njia ya nchi kavu ikafa, na Karagwe ikageuka ua wa nyuma wa bandari ya Bukoba. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Rwanda ilikwenda kwa Wabelgiji, na mto uliokuwa ndani ya koloni moja ukawa mpaka wa dola mbili.

Yupo atakayesema kwamba Karagwe ilijiangusha yenyewe: Rumanika alipofariki nyumba ya kifalme ya Wahinda iliraruana kwa ugomvi wa urithi, na sotoka ya miaka ya 1890 ikafyeka ng'ombe waliokuwa nguvu ya wafugaji wa Kihima. Hayo ni kweli, na yalidhoofisha ufalme. Lakini sotoka hiyohiyo ilipiga ufalme wa Nkore, ng'ambo ya Kagera katika Uganda ya leo, na bado Mbarara ikawa makao ya utawala na mji. Ugonjwa unaeleza umaskini wa kizazi kimoja. Hauelezi kwa nini njia kuu za biashara zilielekezwa kwingine.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba biashara ya misafara ilinufaisha ikulu, na mkulima wa kawaida wa Karagwe, Mnyambo, hakuwa na sehemu katika nguo za Kafuro. Ninalikubali kwa sehemu kubwa. Ila mawasiliano ya watu wa kawaida hayakupitia ikulu peke yake. Kazi ya chuma, ambayo simulizi huihusisha na ukoo wa Wasita, ilizaa majembe ya wakulima pamoja na mikuki ya kifalme. Jina Isingiro lenyewe liko kando zote mbili za mto, huku ni kata ya Kyerwa na kule ni wilaya ya Uganda, na lugha za pande hizo, Kinyambo na Kinyankore, husikilizana bila mkalimani.

Hata leo kahawa ya Kyerwa inaonyesha mawasiliano hayo. Bei ikiwa nzuri Uganda, magunia huvuka Kagera usiku, na hilo serikali huliita magendo. Wakulima wengine wamekwisha kuiuza ikingali maua, kwa mtindo uitwao butura. Sitetei magendo, maana hasara ya vyama vya ushirika ni ya kweli. Lakini doria zinazowekwa kwenye vivuko vya mto zisingekuwa na kazi kama huku kungekuwa kisiwa.