Sindano na Msuko: Mitindo ya Nywele ya Wanawake wa Kirumi na Maana ya Neno Moja

Katika makala haya nakusudia kueleza namna wanawake wa Roma ya kale walivyochagua misuko ya nywele zao ndefu, na jinsi neno moja la Kilatini, acus, lilivyowapoteza njia wataalamu waliotaka kujua misuko hiyo ilifanywaje. Huenda msomaji akauliza: nywele za Warumi zatuhusu nini sisi wachunguzi wa Kiswahili? Namwomba anivumilie kidogo, kwani jambo lililowapata wachunguzi wa Kilatini laweza kutupata sisi pia, tena katika lugha ambayo wenyewe wangali hai.

Yafaa kwanza tujue kwamba mwanamke huru wa Kirumi hakuwa na desturi ya kukata nywele zikawa fupi. Aliziacha zikue, na akisha kuwa mtu mzima hakutoka hadharani nazo zimetimka au kuning'inia ovyo, isipokuwa katika msiba, ambapo kuzifungua nywele kulikuwa ni alama ya huzuni. Basi nywele ndefu zilitaka kufungwa, na namna ya kuzifunga ilikuwa ni jambo la kuchaguliwa. Ovid, mshairi aliyeishi katika zama za Kaisari Augusto, alilishughulikia jambo hili katika kitabu cha tatu cha shairi lake juu ya sanaa ya mapenzi. Shauri lake ni kwamba kila mwanamke akiulize kioo chake. Mwenye uso mrefu agawe nywele njia katikati, bila mapambo mengi. Mwenye uso wa mviringo afunge kifundo kidogo utosini, masikio yaonekane. Mwingine humfaa nywele zilizolegezwa, na mwingine nywele zilizobanwa sana. Mwishowe mshairi akakiri kwamba mitindo haina idadi, na kwamba kila siku huzaliwa mwingine.

Lakini si kila siku mwanamke wa Kirumi alikuwa na hiari. Siku ya arusi mila ilimchagulia. Nywele za bibi arusi ziligawanywa kwa ncha ya mkuki, kisha zikafungwa kwa mtindo ulioitwa seni crines. Festus, mtunga kamusi wa karne ya 2, aeleza kwamba huo ulikuwa ni mtindo wa kale kabisa, na kwamba mabikira wa Vesta, wale sita waliolinda moto mtakatifu wa mji, waliufuata vivyo hivyo. Wengi hulifasiri jina hilo kuwa "misuko sita". Wengine wamekuwa na shaka na fasiri hiyo. Hapo twaona kwa mara ya kwanza kwamba jina la msuko laweza kubaki kitabuni hali msuko wenyewe umekwisha kutoka vichwani mwa watu.

Baada ya zama za Augusto mitindo ilizidi kuwa ya fahari. Mke wa Kaisari ndiye aliyetazamwa, na sura yake ilichukuliwa na sarafu hata miji ya mbali. Faustina, mke wa Antoninus Pius, aliyekufa mwaka 140, aonyeshwa kwa misuko iliyozungushwa juu ya utosi mfano wa kata ya kutwikia mzigo. Julia Domna, mzaliwa wa Emesa katika Shamu na mke wa Septimius Severus aliyezaliwa Leptis Magna katika nchi iitwayo leo Libya, aonyeshwa kwa mawimbi mazito yashukayo pande zote mbili za uso, na kisogoni songo kubwa la misuko. Katika makumbusho ya Capitolini mjini Roma kuna sanamu ya mwanamke mmoja ambaye mbele ya paji lake vipindo vya nywele vimepandana kama ukuta, na nyuma misuko imezungushwa na kufungamana. Juvenal aliwadhihaki wanawake wa namna hii, akasema kwamba mtu akimtazama mmoja wao kwa mbele humdhani ni mrefu kama shujaa wa hadithi, na akimzunguka nyuma humwona ni mfupi.

Dhihaka hiyo yachekesha, lakini yaficha jambo zito. Bibi alichagua, mikono iliyosuka ilikuwa ya mjakazi. Kazi yake ilikuwa na jina lake, ornatrix, yaani mpambaji. Martial ataja mwanamke aliyempiga mpambaji wake kwa kioo kwa sababu ya pindo moja la nywele lililokaa vibaya, na Juvenal naye ataja mjakazi aliyechapwa kwa kosa kama hilo. Hao ndio waliojua msuko huanzia wapi na huishia wapi, uzi hupita chini ya shungi gani na hutokea wapi. Lakini wao hawakuandika vitabu. Walioandika ni mabwana, ambao waliona nywele zilizokwisha kusukwa, na aghalabu hawakuwa na haja ya kujua zimesukwaje.

Hapo ndipo lilipozaliwa tatizo letu. Waandishi wa Kirumi wakitaja zana za mpambaji hutaja kitana, kioo, chuma cha kukunjia nywele kilichotiwa moto, na acus. Neno hili lina maana zaidi ya moja: ni sindano ya kushonea, na ni pini ya kuchomeka katika nywele. Wafasiri walipolikuta karibu na habari za nywele waliona jambo li wazi, wakaandika "pini". Wala hawakukosa ushahidi, kwani pini za mfupa zimefukuliwa kwa wingi katika magofu ya Kirumi. Lakini pini yenye ncha moja haiwezi kushika songo zito la misuko likakaa kutwa nzima pasipo kulegea. Basi ikawa wengi wa wataalamu wakisema kwamba mitindo ile mikubwa haikuwezekana kwa nywele za mtu mwenyewe, na kwa hiyo ilikuwa ni nywele za bandia zilizovikwa kichwani. Kosa dogo la fasiri likazaa kauli kubwa ya historia.

Aliyelifungua fundo hili hakuwa mwalimu wa Kilatini. Alikuwa ni msusi, Janet Stephens wa mji wa Baltimore katika Marekani. Mwaka 2001 aliona katika jumba la makumbusho la Walters, katika mji huo huo, sanamu ya kichwa cha Julia Domna, iliyowekwa mbali na ukuta hata kisogo chake kikaonekana. Mtu mwingine angalitazama uso. Yeye alitazama kisogo, kwa sababu huko ndiko kazi ya msusi iliko. Akaanza kuujaribu msuko ule kwa nywele za kweli, na alipoona pini hazitoshi akarudi vitabuni kulichunguza neno acus upya. Maana ya sindano ilikuwako siku zote. Alichukua sindano butu na uzi, akaishona misuko pamoja, nayo ikashikamana. Uzi wenyewe ulizama ndani ya nywele usionekane. Mwaka 2008 alichapisha hoja yake katika jarida la wataalamu wa mambo ya kale ya Kirumi, na mwanzoni mwa mwaka 2013 alionyesha mbele ya wataalamu jinsi msuko wa mabikira wa Vesta uwezavyo kufanywa juu ya kichwa cha mtu aliye hai.

Tusipite mpaka. Haikuthibitika kwamba Warumi hawakuwa na nywele za bandia. Ovid mwenyewe ataja nywele zilizoletwa kutoka kwa mateka wa Kijerumani, akimwambia mwanamke aliyepoteza nywele zake kwa kuzitia dawa ya rangi. Lililothibitika ni kwamba mitindo ambayo iliaminiwa kuwa haiwezekani yawezekana, na kwamba msuko ulioonekana katika sanamu waweza kuwa ni nywele za mwenye kichwa. Na hilo lilijulikana kwa sababu neno lilipelekwa kwa mwenye kazi.

Sasa turudi kwetu. Msemaji wa Kiswahili angalikuwa na wepesi mkubwa zaidi wa kulifahamu jambo hili, kwa sababu katika lugha yake kazi ya nywele na kazi za ukindu na uzi zina vitenzi vya pamoja. Twasuka mkeka, twasuka kamba, twasuka nywele. Twasokota uzi, na nywele pia twazisokota. Tena siku hizi katika saluni za miji yetu msusi huchukua sindano na uzi akashonea nywele za kuongeza juu ya misuko iliyotangulia, na kazi hiyo huitwa kushonea, bila mtu kuona ajabu. Mwanamke aliyepata kukaa chini ya mikono ya msusi wa namna hiyo akiambiwa kwamba mpambaji wa Kirumi alitumia sindano, hatauliza maswali mengi.

Walakini wepesi huo ni wa leo tu. Tufikiri msuko uitwao "twende kilioni", ambao mistari yake huelekea nyuma moja kwa moja bila mapambo. Mwenye kuujua husikia jina na mara huuona msuko. Lakini mtafiti wa miaka mia mbili ijayo, akilikuta jina hilo katika barua au hadithi, mathalani "alisuka twende kilioni", na kamusi yake ikiwa haina ila kitenzi "enda" na nomino "kilio", atafanya nini? Huenda akadhani ni maneno ya mtu aliyekuwa akialika wenzake msibani, kama sisi tunavyobishana leo juu ya seni crines, tukihesabu kama misuko ilikuwa sita au haikuwa sita.

Kwa hiyo naona kwamba katika kukusanya maneno ya Kiswahili haitoshi kumwuliza mwenye elimu ya vitabu. Yatupasa tukae barazani na msusi, tumwombe ataje kila msuko kwa jina lake, aonyeshe unavyoanza na unavyofungwa, na aseme unamfaa nani na siku gani. Kisha tuandike si jina tu, bali na namna ya kazi, pamoja na picha ya kisogo na si ya uso peke yake. Wajakazi wa Roma hawakuulizwa, na ilichukua karne nyingi hata msusi mmoja wa nchi nyingine akawajibia. Wasusi wetu wangalipo, na ndimi zao ni nyepesi, waulizwe sasa.